SOMO LA MWEZI: SIMU YA CHAMA NA MIZIGO ISIYOAGIZWA

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, Makatibu, Wajumbe wa Bodi na wanachama wataweza:

(a) kueleza kwa nini nafasi ya simu ya chama hujaa ingawa hakuna mtu aliyeongeza kitu ndani yake;
(b) kutofautisha kitu kinachoweza kufutwa katika simu na kitu kisichofutwa kamwe;
(c) kupanga utaratibu wa chama wa kusasisha programu, ili kazi isikwame wakati wa msimu na usalama wa kumbukumbu usipotee.

1. Utangulizi

Katika vyama vingi vya msingi simu janja imekwisha kuwa chombo cha ofisi, sawa na mizani, kitabu cha stakabadhi na sanduku la fedha. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba za akaunti, kilo walizoleta na malipo wanayodai. Mizani hukaguliwa kabla ya msimu, na sanduku la fedha lina funguo na taratibu zake. Lakini simu aghalabu hununuliwa, ikakabidhiwa kwa Katibu, na tangu siku hiyo hapana mtu anayeuliza kilichomo ndani yake wala nani anayeingiza vitu humo.

Jambo hilo si dogo. Simu hupokea mizigo mipya kila juma bila ya kuagizwa na chama. Mizigo hiyo ni masasisho, yaani matoleo mapya ya programu, yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye mtandao. Mengine yana manufaa, mengine hayana. Yote huchukua nafasi, na nafasi ya simu ina mwisho.

2. Mfano: Siku ya tatu ya ununuzi

Chukulia mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kilichoko mlimani ambako mtandao hupatikana kwa shida. Chama kilinunua simu moja yenye ukubwa wa gigabaiti (GB) 16. Katika simu hiyo mna programu ya kuandikia mazao yanayopokelewa. Kila mwanachama anapopima, Katibu huandika jina na kilo, huipiga picha stakabadhi, na programu huyahifadhi yote hayo ndani yake. Mtandao ukipatikana, kumbukumbu hupelekwa Chama Kikuu.

Siku ya kuamkia ununuzi, Katibu alikwenda mjini kuchukua vitabu vya stakabadhi. Pale ofisini palikuwa na Wi-Fi. Akaiunganisha simu, akaiweka kwenye chaji, akaingia mkutanoni. Alipotoka mchana simu ilikuwa imejaa chaji, naye akarejea nyumbani akiwa ameridhika. Hakujua kuwa katika saa zile chache programu zaidi ya kumi zilikuwa zimejisasisha.

Siku ya kwanza walipima wanachama 41, na siku ya pili 36. Tangu siku ya kwanza simu ilionyesha onyo kwamba nafasi inakaribia kwisha. Katibu, akiwa na foleni mbele yake, alilifunga onyo hilo akaendelea na kazi. Mtandao haukupatikana siku zote mbili. Kwa hiyo kumbukumbu 77 zilikuwa zimo ndani ya simu tu.

Siku ya tatu asubuhi programu ilikataa kuandika. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga na magunia yao. Kijana mmoja aliyekuwa karibu, kwa nia njema kabisa, aliichukua simu, akafungua mahali pa mipangilio, akaiona programu ile imechukua nafasi, akabonyeza pa kufuta data. Programu ikafunguka, nyepesi kama ilivyokuwa siku ya kununuliwa. Na ndani yake hamkuwa na kitu.

Habari hiyo ilifika mwisho wa foleni kabla Katibu hajasimama. Bibi mmoja, aliyekuwa ameleta kilo 64 jana yake, alisogea mezani.

"Bibi, kilo zako zimo katika kitabu," Katibu alimwambia.

"Kitabu nakijua, mwanangu," bibi alijibu. "Simu ndiyo siijui."

Kwa siku tatu usiku Katibu na Mhasibu walikaa na nakala za stakabadhi, wakaziandika upya moja baada ya moja. Kati ya nakala 77, nakala 74 zilisomeka. Tatu hazikusomeka, kwa sababu karatasi ya kaboni ilikuwa imechakaa. Wanachama wawili walileta stakabadhi zao halisi, jambo likaisha. Wa tatu alikuwa ameipoteza yake. Yeye alisema alileta kilo 58. Nakala ilionekana kama 53, au labda 58. Maneno yakaanza kusemwa kijijini kwamba Katibu alifuta simu makusudi ili kilo za watu zipotee.

Bodi haikukisia. Iliagiza daftari la ghala. Jumla ya mazao yaliyopokelewa ghalani siku ile ya pili ilikuwa kilo 1,947. Stakabadhi za wanachama 35 wengine zilifikia kilo 1,889. Tofauti ilikuwa kilo 58. Mwanachama akapata haki yake, na Katibu akasafika mbele ya wenzake. Hata hivyo malipo yalichelewa kwa juma zima, na jina la mtu mwaminifu lilitiwa doa kwa kosa ambalo asili yake ni mizigo isiyoagizwa na mtu yeyote.

3. Ukubwa wa ghala

Katika mfano huu, nafasi ya simu ifikiriwe kuwa ni ghala la chama. Ukubwa ulioandikwa kwenye boksi si ukubwa wa nafasi atakayoipata mnunuzi. Sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wa simu wenyewe, yaani programu mama inayoziendesha nyingine zote. Katika simu ndogo mfumo huo huweza kuchukua nusu ya ghala au zaidi.

Hesabu ya simu ya chama kilichotajwa, kabla Katibu hajakwenda mjini, ilikuwa hivi:

Ukubwa wa simu: GB 16.0

Matumizi:
Mfumo wa simu: GB 9.0
Programu za kazi ya chama na kumbukumbu zake: GB 1.0
Picha, video na sauti zilizoingia kwa WhatsApp: GB 2.5
Programu nyingine zilizokuja na simu, masasisho yake na mafaili ya muda: GB 2.8
Jumla ya matumizi: GB 15.3

Baki: GB 0.7

Kila anayejua kusoma mizania ataona mambo mawili. Kwanza, kazi ya chama, ambayo ndiyo sababu ya kununua simu, ilichukua GB 1 tu kati ya 16. Pili, vitu ambavyo chama hakikuviagiza, yaani video za vikundi na programu zilizokuja na simu, vilichukua GB 5.3, zaidi ya mara tano ya kazi ya chama.

Masasisho ya mchana mmoja mjini yalichukua GB 0.6. Ikabaki GB 0.1, ambayo ni karibu megabaiti (MB) 100. Picha za stakabadhi 77 zilitosha kuimaliza. Kilo na majina vingeandikwa kwa maandishi matupu, kumbukumbu zote 77 zisingefikia hata ukubwa wa picha moja. Ghala halikujazwa na mazao ya wanachama. Mazao ya wanachama yalikuwa gunia la mwisho tu, lililofika mlango ukiwa umekwisha kuzibwa.

4. Mizigo hutoka wapi?

Simu nyingi zinazotumiwa na vyama ni za mfumo wa Android, ambao simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008. Programu zake huchukuliwa katika duka la Google liitwalo Play Store. Duka hilo, lisipopewa amri nyingine na mwenye simu, huzisasisha programu lenyewe pindi simu inapopata Wi-Fi. Mara nyingi hufanya hivyo simu ikiwa imetulia na ikiwa kwenye chaji. Ndiyo maana Katibu hakuona kitu.

Wenye programu hutoa matoleo mapya kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kuziba mianya ambayo wezi wangeweza kuipitia. Ya pili ni kurekebisha makosa. Ya tatu ni kuongeza mambo mapya: picha, michezo, matangazo, vitufe. Sababu mbili za kwanza humfaa mwenye simu ndogo. Ya tatu mara nyingi humfaa mwenye simu kubwa, lakini zote hufungwa katika mzigo mmoja. Mwenye simu hawezi kuupokea unga akayaacha makapi. Hivyo programu iliyokuwa nyepesi mwaka ilipowekwa huzidi kunenepa, hali ghala ni lile lile.

Yako mambo matatu yanayofaa kueleweka vizuri na kila Katibu.

Jambo la kwanza: mzigo mdogo njiani huweza kuwa mkubwa ghalani. Mwaka 2016 Google ilitangaza njia iliyoboreshwa ya kutuma sehemu zilizobadilika tu badala ya programu nzima, ili kupunguza matumizi ya intaneti. Njia hiyo huokoa kifurushi, lakini haipunguzi nafasi ambayo programu kamili huichukua ndani ya simu.

Jambo la pili: wakati wa kusasisha, simu huhitaji nafasi zaidi ya ukubwa wa programu mpya. Mzigo unaoingia huwekwa pembeni kwanza, toleo la zamani likiwa bado lipo, kisha toleo jipya huandaliwa ndipo la zamani huondolewa. Ni kama kubadilisha magunia: kwa muda hapana budi gunia jipya na la zamani yawe sakafuni pamoja.

Jambo la tatu: programu zilizokuja na simu kutoka kiwandani huhifadhiwa katika sehemu ya mfumo, ambayo mwenye simu haifikii. Programu hiyo inaposasishwa, toleo la kiwandani haliondoki. Toleo jipya huwekwa katika nafasi ya mwenye simu. Kwa hiyo programu moja hukaa mara mbili, na mara ya pili ni kwa gharama ya chama, hata kama hapana mtu aliyewahi kuifungua.

Liko pia suala la fedha. Programu 20, kila moja ikishusha MB 40, ni MB 800. Chama kilichonunua kifurushi cha GB 1 kwa kazi ya kupeleka kumbukumbu, kisha kikaruhusu masasisho yashuke kwa kifurushi hicho, kitabakiwa na MB 200 au pungufu kwa ajili ya kazi yenyewe. Fedha hizo ni za wanachama. Kama zingetumika kununulia dizeli isiyojulikana ilikokwenda, mkaguzi angeuliza.

5. Tatizo hili si la vijijini tu

Mwanachama asidhani kwamba shida hii huwapata wenye simu za bei nafuu peke yao. Septemba 2014 kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa toleo la 8 la mfumo wa simu zake za iPhone, toleo hilo lilihitaji zaidi ya GB 4 za nafasi tupu ili kuingia bila ya msaada wa kompyuta. Wenye simu za GB 16 walilazimika kufuta picha na programu zao. Mwaka uliofuata, katika toleo la 9, kampuni hiyo ilipunguza hitaji hilo hadi GB 1.3.

Mwaka 2015 kampuni ya Microsoft nayo ilianza kushusha mafaili ya Windows 10, yenye ukubwa wa gigabaiti kadhaa, katika kompyuta za watu ambao walikuwa hawajaamua kuitumia. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kwa waliolipia intaneti kwa kipimo.

Na tarehe 24 Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kosa lilikuwa kuwahimiza wenye simu za zamani wapokee masasisho ambayo simu hizo hazikuweza kuyamudu vizuri, pasipo kuwaeleza vya kutosha. Mamlaka hiyo ilithibitisha kanuni ambayo wanaushirika wanaifahamu tangu zamani: mwenye mali ana haki ya kuambiwa kabla mali yake haijabadilishwa.

6. Hatari ya kufunga mlango kabisa

Baada ya kusoma hayo, msomaji anaweza kusema: "Basi masasisho yote yafungwe, yaishe." Huo utakuwa uamuzi mbaya. Ghala lisilofunguliwa kamwe halijazwi, lakini pia paa lake halitengenezwi.

Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya mmoja mkubwa katika kompyuta zenye mfumo wake wa Windows. Wengi hawakulipokea. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilipita katika mwanya huo huo, ikazifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai fedha ili zifunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Waliokuwa wamepokea sasisho la Machi walisalimika.

Simu ya chama inayohifadhi namba za akaunti na za simu za wanachama haina budi kulindwa vivyo hivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chama hukusanya taarifa za watu kila siku. Kwa hiyo lengo si kukataa masasisho, bali ni kuyapokea kwa mpango: yale yanayohitajika, kwa siku iliyopangwa, simu ikiwa na nafasi, na kumbukumbu zikiwa zimekwisha kupelekwa.

7. Hatua za kuchukua

Hatua zifuatazo zifanywe kwa utaratibu ulivyopangwa, bila kuruka hata moja. Maneno yanayoonekana katika simu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Inafaa lugha ya simu ibadilishwe kuwa Kiswahili, ili anayebonyeza ajue anachokibonyeza.

Hatua ya 1: Kumbukumbu kwanza. Kabla ya kugusa kitu chochote, Katibu apeleke kumbukumbu zote Chama Kikuu na ahakikishe zimepokelewa. Mtandao usipokuwepo, aahirishe usafi wa simu. Kama kazi haiwezi kungoja, iendelee kwa kitabu cha stakabadhi.

Hatua ya 2: Kukagua ghala. Katika mipangilio ya simu pana sehemu ya hifadhi. Katibu aisome na aandike katika daftari kila kundi limechukua kiasi gani, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya 3.

Hatua ya 3: Picha na video. Katika mipangilio ya WhatsApp azuie picha, sauti na video zisijishushe zenyewe. Kisha afute zisizo na kazi. Hapa ndipo nafasi nyingi hupatikana kwa haraka.

Hatua ya 4: Programu zisizotumika. Zilizowekwa na watu ziondolewe kabisa. Zilizokuja na simu haziondoki. Lakini kwa zisizohitajika anaweza kuondoa masasisho yake, zikarudi kwenye toleo la kiwandani, kisha akazizima. Asizime programu asiyoijua kazi yake. Hususan asiguse huduma za Google Play, maana programu nyingi huzitegemea.

Hatua ya 5: Kufuta akiba, si data. Hapa pana tofauti ambayo kila Katibu aishike moyoni. Akiba ni vitu vya muda ambavyo programu imeviweka karibu ili ifanye kazi upesi. Ikifutwa, hujitengeneza tena. Data ni kumbukumbu zenyewe. Kufuta akiba ni kufagia sakafu ya ghala. Kufuta data ni kuchoma leja. Vitufe hivi viwili mara nyingi hukaa karibu karibu.

Hatua ya 6: Kuamuru mlango. Ndani ya Play Store, katika mipangilio yake, sehemu ya mtandao, pana amri ya kusasisha programu kiotomatiki. Ziko njia kuu tatu: kwa mtandao wowote, kwa Wi-Fi pekee, au kutojisasisha kabisa. Chama chenye simu ndogo kichague njia ya tatu, kwa sharti kwamba Hatua ya 8 itatekelezwa bila kukosa. Chama chenye simu yenye nafasi ya kutosha kinaweza kuchagua ya pili.

Hatua ya 7: Kuchagua programu moja moja. Palipochaguliwa njia ya pili, yaani Wi-Fi pekee, kila programu katika Play Store ina ukurasa wake wenye vidoto vitatu pembeni. Hapo ndipo inapoweza kuondolewa katika kujisasisha peke yake. Programu za fedha na mawasiliano ziachwe zijisasishe. Za burudani zizuiwe.

Hatua ya 8: Siku ya simu. Kila mwezi pawe na siku moja iliyotajwa ya kusasisha. Siku hiyo Katibu huanza na Hatua ya 1, kisha husasisha kwa mkono mfumo wa simu, programu za fedha, za mawasiliano na ile ya mazao. Programu ya mazao isisasishwe katikati ya ununuzi, isipokuwa Chama Kikuu kimeagiza. Isasishwe kabla ya msimu, ijaribiwe kwa stakabadhi ya majaribio, ndipo itumike.

Maonyo mawili yaongezwe hapa. Kuna programu zinazojitangaza kuwa husafisha simu. Nyingi kati ya hizo huleta matangazo na kuchukua nafasi zenyewe. Usafi ulioelezwa hapo juu hauzihitaji. Pia asiwepo mtu wa kupokea toleo jipya la programu lililotumwa kama faili katika kikundi cha WhatsApp. Wezi hupenda njia hiyo, kwa kuwa haipiti dukani.

Kadi ya kumbukumbu huweza kusaidia kuhifadhi picha, lakini programu nyingi hazihamii huko, na kadi za bei nafuu huharibika ghafla. Kwa hiyo isiwe mahali pekee pa kuhifadhia kumbukumbu za chama.

8. Wajibu wa Bodi

Si haki Katibu aachiwe mzigo huu peke yake, kisha alaumiwe siku simu inapokataa. Simu ni mali ya chama, na mali ya chama ina taratibu. Bodi inashauriwa kupitisha maazimio yafuatayo na kuyaandika katika muhtasari:

Kwanza, simu ya chama itumike kwa kazi ya chama tu. Vikundi vya harusi, mpira na salamu za asubuhi vikae katika simu ya mtu binafsi.

Pili, awepo mtu wa pili, Mhasibu au Mjumbe mmoja, anayejua hatua nane zilizotajwa. Mtu mwingine yeyote asiishike simu, hata akiwa mtaalamu na mwenye nia njema. Katika mfano wa sehemu ya 2, kosa halikuwa la kijana aliyetaka kusaidia. Kosa lilikuwa la chama kisichokuwa kimesema nani ashike na nani asishike.

Tatu, wakati wa kununua simu mpya, Bodi iulize nafasi inayobaki baada ya mfumo, isitosheke na ukubwa wa kwenye boksi. Simu iliyo nafuu kwa shilingi elfu chache inaweza kugharimu juma zima la malipo ya wanachama.

Nne, kitabu cha stakabadhi na daftari la ghala vidumishwe, na karatasi ya kaboni ibadilishwe kabla haijachakaa. Chama cha mfano wetu hakikuokolewa na simu, wala na mtaalamu. Kiliokolewa na nakala 74 zilizosomeka, na jumla ya kilo 1,947 iliyoandikwa jioni ile kwa mkono na mlinda ghala asiyechoka.

Tano, wanachama waelezwe. Bibi aliyesema kwamba simu haijui hakuwa mjinga. Alisema kweli: kilo zake zilikuwa zimewekwa mahali ambapo hakuwahi kuonyeshwa. Katika mkutano mkuu Katibu aioneshe simu hiyo, aeleze kilo zinaingiaje, zinakaa wapi na zinakwenda wapi. Mwanachama anayekielewa chombo cha chama chake hasikii fununu kwa urahisi, na siku ya matatizo huwa shahidi badala ya mshitaki.

9. Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Simu ya chama chenu ina ukubwa wa GB ngapi? Mfumo wake umechukua kiasi gani, na kazi ya chama imechukua kiasi gani?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kufuta akiba na kufuta data. Tafuta mfano mwingine wa kijijini unaofanana na tofauti hiyo.

3. Simu ina GB 32. Mfumo umechukua GB 14, programu za chama GB 2, picha na video GB 9, na programu nyinginezo GB 6. Imebaki nafasi kiasi gani? Katika vitu hivyo, kipi kipunguzwe kwanza, na kwa nini?

4. Mjumbe mmoja anasema masasisho yote yazuiwe daima. Mwingine anasema yaachwe yajiingize tu. Kila mmoja ana ukweli gani, na amekosea wapi?

5. Ikiwa simu ya chama chenu itafutika leo jioni, mtatumia vitabu gani kurudisha kilo za kila mwanachama? Je, vitabu hivyo vinasomeka?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: Katibu na Mjumbe mmoja wakague simu ya chama kwa kufuata Hatua ya 1 na ya 2 tu. Waandike hesabu ya nafasi kwa mpangilio wa sehemu ya 3 na kuisoma mbele ya Bodi. Bodi ikiisha kuisikia, ndipo iamue siku ya simu ya chama na kuiandika katika kalenda, pamoja na siku ya kukagua mizani.